Kola ya Karanga

Zama hizo mbwa aliyeokotwa jalalani alivishwa kola inayomsemea, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua abaki kwa nani. Mama Tunu, aliyekuwa akimlea mbwa Karanga kwa muda, alimshindilia maini tangu asubuhi, maana mwanawe Tunu angelia sana mbwa wake akichukuliwa.

"Shoga, mbona jasho? Anayesailiwa mbwa, si wewe!" alitania Bi Rehani, mwanamke wa kujitolea aliyekuja kumsikiliza Karanga. "Haya Karanga, unabaki?"

"Nabaki," kola ikajibu. "Mama akipandwa na hasira hutupiga sote. Nikiondoka, Tunu atapigwa peke yake."

Mama Tunu akacheka. Bi Rehani alimwinamia Tunu, aliyekuwa kando ya mbwa, akamuuliza polepole, "Mwanangu, viatu vyako viko wapi? Tunaondoka na Karanga."