Barafu ya Kumuaga Opanyin

"Yaw, ukifungua friji yangu tena nitakufungia humo humo pamoja na samaki."

"Pakiti chache tu za maji, mama. Zile zilizoganda."

"Zilizoganda ndizo ninazouza. Jua lote hili la Kumasi, wewe unataka kuzilaza chini ya mashine?"

Wapangaji walishajitokeza uani. Ugomvi haukosi watazamaji. Yaw hakuwajali. Dirishani alisikia feni ya laptopu yake ikivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Tangu asubuhi alikuwa akijaribu kutoa filamu moja aliyoihariri, na kila ikikaribia kwisha, prosesa inapata moto, kioo kinazima, kazi inaanza upya. Alishapangusa vumbi kwenye feni, akafungua kifuniko cha chini, akaiinua mashine juu ya makopo ya sadini. Wapi.

"Ni filamu ya kumuaga Opanyin Adu-Twum," alisema. "Gari linamchukua saa tisa."

Mama Foriwaa akashika kiuno. "Opanyin? Yule mzee wa Bantama, wa duka la vitambaa?"

"Huyo huyo. Mpwa wake ndiye aliyenipa kazi."

"Sasa mtu mzima kama yule anaondoka, na wewe umesimama hapa unabishana na mimi kuhusu maji?"

Akabeba pakiti kifua kizima. Wakazifunga kwenye taulo, wakailaza laptopu juu yake, feni ya mezani ikipuliza ubavuni. Kisha Yaw akaipunguza kasi prosesa. Ingekwenda mwendo wa kobe, lakini kobe anayefika ni bora kuliko sungura anayezimia.

Mama Foriwaa alikwenda kujifunga kitambaa cheusi, akarudi kukaa kitandani, macho kwenye kioo. Humo mke wa Opanyin alikuwa akisimulia jinsi mzee alivyomposa, akicheka hadi akashika meza.

"Mjane anacheka hivyo? Hata udongo haujamwagwa."

"Mama, usiipumulie mashine."

Simu ikalia. Mpwa.

"Kaka, gari la hospitali limeshafika. Hatuwezi kumweka zaidi. Akiondoka filamu haijaja, mimi ukoo huu sina uso tena."

"Imebaki kidogo," alisema Yaw. Hakusema kwamba joto lilikuwa limepanda tena, digrii tisini na saba.

Barafu ilishakuwa maji. Mama Foriwaa akazichomoa pakiti na kuingiza nyingine, taratibu, kama anayembadilishia mtoto nepi usingizini. Tisini na nane. Feni ikapiga kelele mpya, nyembamba, Yaw hakuwahi kuisikia. Akipunguza kasi zaidi, gari litaondoka. Asipopunguza, kila kitu kitazima.

Akapunguza. Simu ikalia tena, hakuna aliyeipokea. Mama Foriwaa alikuwa akimwita Mungu kwa majina yake yote.

Mstari kwenye kioo ukajaa. Filamu imetoka.

Teksi iliwashusha Bantama gari la hospitali likiwa bado limesimama mlangoni, injini inanguruma, milango ya nyuma wazi. Yaw akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama Foriwaa yeye alikuwa akikagua ua.

"Ukoo mkubwa hivi, hata turubai? Hata kiti kimoja cha plastiki? Wapwa wa siku hizi hawana haya."

Hata hivyo desturi ni desturi. Alipofika kizingitini akaweka mikono kichwani, akaangusha kilio kilichowatoa majirani wa pande zote mbili.

Mlango ukafunguliwa. Opanyin Adu-Twum mwenyewe, amevaa pajama, mkongojo mkononi, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Punguza sauti, mama, nataka kusikia nilivyosifiwa kabla madaktari hawajanipasua. Mimi nimekatazwa kula, lakini nyinyi ingieni, fufu bado ya moto."