Mmweko wa Kupimia

Chini kabisa ya mgodi uliokwisha dhahabu, Tunu alilinda pipa la zenoni, gesi iliyopoozwa ikawa kimiminika, peke yake, akingoja punje ya maada ya giza, isiyoonekana na mtu, igonge pipa hilo, nalo litoe mmweko wa mwanga. Miaka ilipita, pipa kimya, naye kimya.

Leo mmweko ukatokea kwenye skrini. Tunu akadaka simu ya kuita juu.

"Kirobo! Imekuja!"

Kirobo, mwenzake wa huko juu, akashusha sauti. "Pole, dada yangu. Mmweko huo tumeuweka sisi makusudi, tujue kama anayelinda yu macho."

Machozi yakamlengalenga. Kumbe huko juu yupo aliyemkumbuka.

"Basi niwekeeni mwingine kesho," akasema. "Ila msiniambie saa ngapi."

Akavuta kiti karibu na skrini, akaketi kama anayengoja mgeni.