Mteja wa Majaribio

"Wateja wako wa majaribio wa zamani futa wote, dada," mwenzake wa kazini alimwambia mwandishi wa programu, akiinamia kompyuta yake. "Zana mpya ya kujaribia malipo nimeshaiunganisha na programu unayoandikia msimbo. Inakuja na wateja wake wa bandia."

Kwenye orodha kulikuwa na mteja mmoja tu, mama yake.

Kwa miaka mitano, kila dada huyo alipojaribu kama malipo yanapita, mnunuzi alikuwa mama, kwa kadi ya uongo isiyo na hata senti. Jioni mama alikuwa akipiga simu: "Haya, leo nimenunua nini, mwanangu?" Akiambiwa jokofu, au tiketi za ndege, alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi uliopita walimzika. Siku zake za mwisho alilalamikia baridi tu.

"Vipi, imegoma?" mwenzake aliuliza.

"Subiri kidogo."

Kidole chake kilisita juu ya kitufe cha kufuta, ambacho herufi zake zilikuwa zimefutika kwa kutumika. Kisha akamwandikia mama oda moja: blanketi zito.

Alama ya kijani ikawaka. Malipo yamepita. Chini yake, swali: mzigo upelekwe wapi?

"Futa wewe," alimwambia mwenzake, akamwachia kiti.