Kiti cha Dereva

Swali la kwanza aliloulizwa Ajwang' kwenye mahojiano ya kazi halikuhusu masomo wala magari. Mzee Rasik, mwenye kampuni, alimwambia asimame.

"Simama tu, mama. Mimi nataka kuona urefu."

Ajwang' akasimama. Ufupi wake ulikuwa umetaniwa tangu shule ya msingi hadi akazoea, lakini hakutarajia utani huo uje kumtafuta katika ofisi ya bima. Tena siku aliyovaa viatu vya kuazima kwa dada yake, na kumwacha mama yao kule Manyatta akimwombea kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima. Miaka mitatu ya kutafuta kazi ilikuwa imewachosha wote.

Rasik alimtazama toka utosini hadi viatuni, akaridhika.

Dishon, aliyesoma naye chuoni, alikuwa amefika hapo wiki iliyotangulia. Dishon ni mtu mrefu wa kugonga vizingiti, na alirudishwa hata kabla hajakaa. "Ule mzee ako na mambo yake," alimwonya Ajwang'. "Mimi hata swali moja sikuulizwa."

Rasik aliisogeza barua ya maombi hadi ikakaribia kugusa miwani yake minene. "Umesomea ukaguzi wa madai ya magari. Sawa. Karatasi zinatosha. Twende uone gari."

Akainama kupita mlangoni, huku mkono ukipapasa fremu.

Nikita, binti yake, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, ndiye aliyewaendesha hadi kwenye yadi yao huko Otonglo. Walipofika, alibaki kwenye lango, akayapa mgongo magari yaliyopondeka. Ajwang' alidhani anaogopa kuchafua viatu, maana mvua ilikuwa imenyesha na matope yalikuwa ya kutosha.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe. Ubavu wote wa kushoto ulikuwa umeingia ndani, na majani yalikuwa yameanza kuota kwenye injini.

"Ilitoka barabarani kwa mteremko wa Sondu, ikagonga mti," Rasik alisema. "Ndani watu wawili, bwana na bibi yake. Raia waliwatoa kabla polisi kufika. Bibi alikuwa ameshakufa. Bwana anasema bibi ndiye alikuwa anaendesha. Sasa wewe, kama mkaguzi, unasema nini?"

"Alikuwa anakimbiza gari," Nikita alidakia kutoka langoni bila kugeuka. "Kila mtu anajua. Alijiua mwenyewe na kiherehere chake."

Ajwang' alishtuka. Marehemu ni marehemu, hata kama humjui. Lakini alijiambia kwamba labda anayeshinda na mabati ya ajali kila siku huishiwa na huruma.

Alilizunguka gari polepole. Akapiga magoti kando ya kila gurudumu, akachungulia chini, akarudi mbele.

"Huyo mama alikuwa na urefu gani?"

Rasik aliinua mkono hadi usawa wa kifua chake. Mkono ukabaki hapo hewani. "Kama wewe," alisema. "Ingia, ukae."

Ajwang' akaingia kwenye kiti cha dereva. Alinyoosha miguu, akanyoosha tena, lakini ncha za viatu vya dada yake hazikufika hata kwenye breki. Alipapasa chini ya kiti, akakivuta, akakisukuma kwa nguvu zote. Hakikusogea. Reli zake zilipinda siku ileile ya ajali na kukibana palepale kilipokuwa.

Akaelewa, na akatamani asingeelewa.

"Fikiria vizuri," Rasik alisema dirishani. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ukisema huyo bwana ni mwongo, kuna mtu mzima atalala ndani."

Kwa hiyo hilo ndilo jibu analolitaka, Ajwang' aliwaza. Aseme tu ndiyo, bwana amesema kweli, na kesho aamkie kazini. Nani angeumia? Mwenye kuumia alikwisha zikwa. Alimkumbuka mama yake na maombi yake. Kisha akamwaza yule mwanamke asiyemjua, mfupi kama yeye, anayetukanwa hadi leo na hawezi kujitetea. Akamwonea uchungu kana kwamba ni wa ukoo wake.

"Mzee, hakuwa anaendesha," alisema. "Hiki kiti ni cha mtu mrefu, na hakijasogezwa tangu ajali. Mama alikuwa upande wa kushoto, hapo palipopondeka. Bwana yake ndiye aliyeshika usukani, halafu akamsingizia."

"Sema tena. Kwa nguvu."

"Mama hakuwa anaendesha!"

Sauti yake ilifika hadi barabarani. Ajwang' alitoka garini akipangusa macho kwa kiganja, akijua kazi imekwenda, na akawaza atamwambia nini mama yake. Alipoinua uso aliona Nikita amegeuka. Alikuwa akilitazama lile gari.

Rasik alivua miwani, akaitia mfukoni. Akainama sana ili kichwa kipite, akaketi kwenye kiti alichotoka Ajwang'. Magoti yake marefu yalipata nafasi chini ya usukani, na viatu vyake vikatua sawasawa juu ya pedali, bila kusogeza chochote.

"Umesikia, beta, mwanangu?" alisema, macho yakiwa mbele. "Haikuwa mama yako."