Albamu Mpya ya Radi Kavu

Baada ya kimya cha miaka kumi na mmoja, bendi ya Radi Kavu ilitangaza albamu mpya. Mashabiki walibishana mchana kutwa kwenye duka la fundi redio.

“Wamezeeka,” alisema Kitwana, mwenye duka. “Safari hii watatuletea nyimbo za kubembeleza.”

Semeni, fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, alimsoma midomo. Alikuwa amepoteza usikivu tangu mwaka jana, lakini bado alivaa fulana nyeusi ya bendi hiyo.

“Watapiga kwa kishindo,” alisema.

Kitwana akaandika kwenye karatasi: *Dada, wewe hutaisikia.*

Semeni akaisoma, akamrudishia. “Weka wimbo wao wowote. Sauti mpaka mwisho.”

Wimbo ulipoanza, alibandika viganja vyote viwili kwenye spika kubwa, akafumba macho. Punde kichwa chake kikaanza kutikisika, sawasawa na ngoma.

“Albamu ikitoka, hapa ni pangu,” alisema kwa sauti iliyoushinda muziki. “Anayetaka kubembelezwa akae nje.”

Vioo vya kabati vilikuwa vikitetemeka. Kitwana akasogea, akanyoosha mkono wake polepole, akaugusa ubavu wa spika.