Mfano wa Mwisho

Kosa lilitokea tena, maandishi mekundu kwenye skrini. Dorcas aliufungua mwongozo wa programu mwanzoni kabisa, akafuata maelekezo kama mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Akakwama palepale wanapokwama wanaoanza wote.

Chumbani mama alikuwa amegeukia ukuta. Uji umepoa, dawa haijaguswa.

"Masele hajaandika?"

"Bado, mama. Kunywa kwanza."

"Nitakunywa akiandika."

Ndivyo nyumba hiyo ya Mkuyuni ilivyozoea. Tangu ujana wake, Masele akivuka ziwa kwenda Sengerema lazima aandike akifika, la sivyo mama hali chakula. Mama hakuruhusu apigiwe simu, mtu aliye kazini hasumbuliwi. Sasa simu ilikuwa kimya wiki nzima, na mama amebaki mifupa. Dorcas aliogopa, tena sana. Wazo la kuandika yeye kwa jina la kaka yake lilimjia, mkono ukakataa.

Akarudi kwenye mwongozo. Programu ilikuwa huria, ya bure na wazi kwa yeyote kuiboresha, ya kutuma ujumbe wa simu kutoka kwenye kompyuta, na watu wa nchi nyingi walijifunza kwayo. Masele ndiye aliyeandika mwongozo huo, masomo ya wanaoanza. Wiki iliyopita programu ikabadilika, masomo yakabaki ya kale, mzigo ukamwangukia dada.

Venant, msimamizi wa mradi, alipiga simu kutoka Buzuruga.

"Dada Dorcas, pumzika. Hata tukirekebisha mwezi ujao, hakuna atakayekufa."

"Leo, Venant. Nakuomba."

"Basi ule mfano wa mwisho wa Masele tuufute, tuweke wa kawaida."

"Huo usiuguse."

Venant akasema sawa.

Hatimaye alikiona kilichokosekana: hatua moja ambayo toleo jipya liliidai, na hakuna aliyewaambia wanaoanza. Akaiandika, akaituma, Venant akaipitisha. Dorcas akakaa sakafuni kumwomba Mungu, maana la kufanya lilikuwa limekwisha.

Jua halijafika utosini, simu ya mama ikalia.

"Dorcas, kaka yako huyo." Mama alikuwa ameketi, anasoma kwa sauti. "'Shikamoo mama. Nimefika salama. Masele.' Lete uji, mwanangu. Upashe moto."

Dorcas akaupasha, machozi yakimtoka. Simu yake nayo ikatetema mezani. Ni Venant, ameandika:

"Mwanafunzi mmoja wa Brazili amefaulu mpaka mwisho, na ujumbe wa mfano umekwenda kwenye namba ile ya mama yenu aliyoiweka Masele. Mungu aendelee kumpumzisha Masele wetu kwa amani."