Kanuni ya Saba

Jozi thelathini na moja za viatu zilikuwa zimepangwa nje ya chumba cha kompyuta, katika shule moja ya Kwa Vonza. Muindi Ndeti, mkaguzi wa mradi wa kompyuta mashuleni, alizipita akaingia na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa. Wanafunzi wakaziba midomo.

"Pole sir," alisema mwalimu Kaloki, yeye mwenyewe akiwa na soksi tu. "Hapa tunavua. Vumbi inaletea computer virus."

Muindi alicheka hadi akashika meza.

"Nani alikudanganya hivyo?"

"Iko kwa kitabu, sir."

Kitabu! Kaloki alimletea kijitabu cha kurasa ishirini, kopi ya kopi ya kopi, kilichoitwa *Kompyuta kwa Anayeanza*. Muindi hakuhitaji kukifungua. Alikijua vizuri, na hakuna karatasi aliyoidharau kuliko hiyo.

Mwaka 1995 kanisa la Matiliku lilipewa kompyuta mbili kuukuu na wageni. Mwalimu Kalondu akasoma ile manuali nene ya Kiingereza iliyokuja nazo, akaandika yake kwa Kiswahili, akaichapa kwa stensili. Walimu wakainakili, na wengine wakawanakili wao. Kati ya Kitui na Makueni hakuna maandishi ya kompyuta yaliyosomwa na watu wengi hivyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa kanuni ya saba: *Vua viatu mlangoni. Vumbi huleta virusi.*

Makarani wa chifu walivua. Wapiga chapa wa sokoni walivua. Kule Kiboko, mfanyabiashara mgeni aitwaye Billow alipofungua saiba yake ya intaneti alikuta wateja wanaacha malapa nje. Akadhani ni adabu ya watu wa huku, akawatandikia mkeka. Akili ni nywele, wanasema. Muindi aliona hawa wote walinyolewa siku moja, na kinyozi alikuwa mmoja.

Sasa kamati ya shule ya Matiliku ilitaka chumba chao kipya cha kompyuta kiitwe Kalondu. Ilibaki sahihi ya Muindi tu.

Thubutu! Barua ya kukataa alikuwa ameshaiandika: *Hatuwezi kumpa heshima mtu aliyefundisha kaunti mbili ujinga.*

Ujinga huo ulimpitia na yeye, na hilo ndilo lililomchoma. Akiwa na miaka kumi alihudhuria darasa la Kalondu la likizo ya Agosti, kwenye zile kompyuta mbili za kanisa. Alikaa pale miguu mitupu kama wenzake wote, akibonyeza herufi zilizochorwa kwenye katoni akingoja zamu yake ya dakika tano. Aliyapenda masomo hayo kuliko chakula. Miaka kadhaa baadaye, siku yake ya kwanza chuoni Nairobi, alivua viatu mlangoni mwa maabara. Darasa zima lilimcheka. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na hadi anamaliza chuo walimwita Vumbi.

Alasiri hiyo alikwenda Matiliku. Alitaka nakala ya kwanza kabisa, aiambatanishe na barua kama ushahidi.

Alimkuta Kalondu barazani akimenya mbaazi. Alikuwa na miaka sabini na sita na macho bado makali.

"Wewe si wa Ndeti?"

"Ndiye, mwaitu," alisema, kama anavyomwita mama yake.

"Umekuwa mtu mkubwa." Alimtazama kwa furaha, toka kichwani hadi chini. "Wameniambia wewe ndiye utasaini. Ningependa kuona hiyo jina kwa ukuta kabla nife. Si vibaya mtu kupenda jina lake, ama?"

Muindi aliingia moja kwa moja kwenye lililomleta. "Mwalimu, hii maneno ya vumbi ulitoa wapi?"

"Nilitunga."

"Ulitunga?"

"Manual ilisema virus inatoka kwa diskette. Nilisoma, nikaelewa."

"Ukaelewa, na bado ukaandikia watu uongo?"

"Watoto hawafuati amri haina sababu. Nilitafuta sababu wataogopa."

"Si ungewaambia tu ile ya ukweli?"

"Hiyo haikuwa ya kusomea watu," alisema, akaendelea kumenya.

Muindi alikaribia kupiga mluzi. Mjinga unaweza kumhurumia, lakini mwongo! Palepale alitoa simu, akaongeza sentensi moja kwenye barua: *Amekiri kwa kinywa chake mwenyewe.* Kidole kilikuwa kinawasha kuituma.

"Naomba ile original."

Kalondu aliingia ndani, akakawia, akatoka na daftari la maandalio ya masomo lenye jalada lililoliwa na mchwa pembeni. Alilifuta kwa kanga kabla ya kumkabidhi. "Hakuna mtu mwingine nimewahi kuonyesha," alisema. "Usome vizuri, mwana wakwa."

Alisomea palepale akiwa amesimama, kamera ya simu tayari. Kanuni ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, zote za tarehe saba Agosti, na zote sahihi. Hata yeye hangeziandika vizuri zaidi. Akafungua ukurasa wa pili. Kanuni ya saba ilikuwa peke yake, kwa wino mwingine, tarehe tisa. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika habari za darasa la siku hiyo, mistari miwili tu:

*Leo ni siku ya tatu Muindi wa Ndeti anafika mlangoni, anatazama viatu vya wenzake, anatazama miguu yake mitupu, anarudi kwao.*

*Kuanzia kesho wote wavue.*